Panya wa Daktari na Sukari ya Mama

Jumatatu, 6 Oktoba

Aliasgar ametundika karatasi. Kwenye fremu ya dhahabu! Ameiweka juu ya mizani, pale pale mteja anapoinua macho. Ina muhuri wa maabara na sahihi mbili, na inahusu unga wake wa mlonge. Tangu asubuhi watu wanaingia dukani kwake, wanaisoma kwa adabu, mikono nyuma, halafu wanatoka na mlonge. Kwangu wameingia wawili tu. Mmoja aliuliza njia ya Ngomeni. Wa pili alikuwa paka.

Aliasgar ni mtoto wa mama yangu mdogo. Maduka yetu ya viungo na dawa za miti yanatazamana katika kichochoro ambacho tuk-tuk mbili haziwezi kupishana. Akipiga chafya nasikia. Leo amepiga chafya kwa kiburi.

Kilichonikata maini ni Mama. Mama yangu mzazi, Hajrabai, ana sukari mwaka wa kumi na moja huu, na kila siku baada ya adhuhuri hushuka kwenda kukaa kwenye kiti cha Aliasgar, si changu, kunywa chai isiyo na sukari. Leo amerudi akisema Aliasgar siku hizi ni kama daktari. Nikamkumbusha kwamba na mimi nauza dawa. Akanitazama kwa huruma, akaitaja sabuni yangu ya karafuu. Ile sabuni ilikuwa mwaka juzi! Na watu wote walipona vipele isipokuwa mmoja.

Basi nimeamua. Dawa yangu ya sukari itapimwa kisayansi. Mbegu za zambarau, uwatu, karela, lile tango chungu, na majani ya mwarobaini, vyote vikachemshwa kwa saa sita na kuchujwa kwa kitambaa. Nataka karatasi kubwa kuliko ile. Na nataka Mama aisome kwa sauti, Aliasgar akisikia.

Munazza, mke wangu, ni mwalimu wa hesabu Kizingo na hana subira na mambo makubwa. Ameniuliza kama nimemaliza kuhutubia. Nikasema ndiyo. Akasema basi nioshe sufuria yake ya biriani, imeota ukoko wa kijani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimefika maabara. Ghorofa ya pili ya chuo, harufu ya spiriti na ya panya. Nimepokewa na Daktari Nasipwondi, mama wa Bungoma mwenye sauti ya upole na maswali mengi mno. Nikampa chupa mbili za dawa. Akauliza nimetia gramu ngapi za kila kitu. Nikasema konzi mbili mbili. Akauliza konzi za nani. Nikamwonyesha mkono. Ameupima mkono wangu kwa rula, wallahi!

Kisha akanieleza utaratibu. Kwanza ni usalama. Panya wengine wanapewa dawa kidogo, wengine nyingi, wengine nyingi sana, na wengine maji matupu. Halafu wanatazamwa siku kumi na nne: wanavyokula, wanavyotembea, macho yao, choo chao, hata manyoya. Wakivuka hapo ndipo sukari yao inapimwa, wiki kadhaa nyingine. Kisha figo, kisha maini. Binadamu? Labda miaka ijayo, wachache, kwa ruhusa ya kamati. Miaka! Aliasgar atakuwa ameshafungua matawi mpaka Malindi.

Nikaomba angalau niwachague panya mimi mwenyewe, nitwae wenye siha na tabia njema. Tom, anayewalea hao panya, akasema wanachaguliwa kwa kura. Nikamnong'oneza kwamba dukani kwangu kuna iliki nzuri sana. Akanijibu kwa sauti, mbele ya Daktari, kwamba panya hawali iliki.

Nilipokuwa natoka, Daktari alinisisitizia mara tatu. Mpaka majibu yatoke, dawa hii asipewe mtu yeyote. Hasa mgonjwa anayetumia vidonge vya hospitali, kwa sababu dawa mbili zikikutana mwilini sukari inaweza kuporomoka, na sukari ikiporomoka huua upesi kuliko ikipanda. Nikasema nimesikia. Na kweli nilikuwa nimesikia.

Halafu, ajabu! Wamenipa karatasi. Muhuri, sahihi mbili. Ni ile ile ya Aliasgar! Si cheti wala si chochote. Inasema sampuli imepokelewa, basi. Mji wa Kale mzima unasimama kwa adabu mbele ya risiti!

Nimeitundika yangu pia. Fremu ya dhahabu sikupata, nimepata ya plastiki.

Jumatano, 8 Oktoba

Karatasi yangu imesomwa na mtu mmoja, Mwanaesha, anayeuza viazi karai Makadara. Akasema ile ya Aliasgar inang'aa zaidi. Nikachemka. Nikamweleza kwamba zote mbili ni risiti tu na hazithibitishi kitu. Nilidhani nimemmaliza Aliasgar. Mwanaesha akavuka kichochoro hatua nne, akayamwaga yote. Aliasgar akatoka mlangoni na kutangaza kwamba Taizoon mwenyewe amekiri dawa yake haijathibitishwa. Yake hakuitaja! Watu wakanitikisia vichwa. Fundi saa akaniambia pole.

Sasa sina njia ila kuthibitisha hadharani. Jumapili mchana nitaandaa sinia nyumbani, watu wanane. Mama atapimwa sukari mbele ya wote baada ya siku nne za dawa yangu. Aliasgar nitamwalika kwa heshima zote, awe shahidi.

Najua Daktari alisema nini. Alisema dawa yangu na vidonge visikutane. Haya, havitakutana! Nimevichukua vidonge vya Mama na kuvificha ndani ya debe la uwatu. Hivyo namtii Daktari, na sifa zikija hazitagawanywa na kiwanda chochote cha Ulaya.

Mama nimemwambia ni chai ya kusafisha damu. Akanywa, akakunja uso mpaka macho yakapotea. Halafu akasema, haya mwanangu, ikiwa yakufurahisha nitakunywa. Nikaona haya kidogo. Ikapita.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sukari ya Mama asubuhi: kumi na tatu nukta nane. Imeandikwa.

Munazza ameuliza viko wapi vidonge vya Mama. Nikasema labda Mama kavihamisha. Akanitazama muda mrefu, jinsi anavyomtazama mwanafunzi aliyesema daftari limeliwa na mbuzi. Nikajitayarisha kwa vita. Akachukua mkoba wake akatoka. Nimeshinda, nadhani. Ni mara ya kwanza tangu tuoane.

Ijumaa, 10 Oktoba

Tisa nukta moja! Tisa! Mama hajaiona tisa tangu harusi ya Areeba, mpwa wangu, na hiyo ni kwa sababu siku ile mashine ilikuwa mbovu.

Nimekwenda kumwalika Aliasgar. Akaniuliza, kwa ile sauti yake ya kunipapasa kichwa, kama Mama anakula vizuri. Nikamjibu kwamba Mama anakula vizuri kuliko wateja wake. Akasema atakuja, Masi akimwita hawezi kukataa. Hivyo ndivyo anavyomwita Mama, Masi, yaani mama mkubwa, kwa sauti tamu ya kunikera. Nikamkumbusha kwamba aliyemwita ni mimi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sita nukta nne. Nimecheza peke yangu nyuma ya magunia ya binzari.

Mama anasema ana njaa ya ajabu na mikono haitulii. Nimeandika: nguvu mpya, mikono michangamfu. Munazza akasema tupime tena jioni, na Mama apewe chakula. Nikamwambia sayansi haiendeshwi na walimu wa hesabu. Nimelala sebuleni.

Leo pia nimeisafisha nyumba. Sukari, asali, tende, jamu, ndizi mbivu, hata soda moja aliyoificha Munazza nyuma ya unga. Vyote nimevipeleka dukani na kuvifungia. Kesho asitokee mtu wa kusema kipimo kilichafuliwa.

Jumapili, 12 Oktoba

Ya leo sitamani kuyaandika. Lakini nitaandika.

Kwetu Mabohora watu wanane hula sinia moja, na hakuna anayegusa chakula mpaka wa nane akae. Kwanza huonjwa chumvi. Kisha huja kitu kitamu, ndipo vingine vifuate. Leo nilikuwa nimekifuta hicho kitamu. Mama alipoambiwa asubuhi alishtuka kweli. Akasema ana miaka sabini na mbili na hajawahi kukaa kwenye sinia lisilo na tamu, na waliokufa watamwelewaje. Nikamwambia ni siku moja tu, kwa ajili ya sayansi.

Hakunywa chai ya asubuhi wala kula mkate, maana nilitaka apimwe akiwa na njaa. Saa tano nikampa dawa. Vikombe viwili, kwa kuwa ni siku kubwa.

Saa saba tulikuwa saba. Majirani wanne, Munazza, Mama na mimi. Wa nane hayupo! Saa saba na nusu, hayupo. Nilimpigia, akasema yuko njiani, kwanza anapita mahali. Kuku amepoa, wali umepoa, watu wamekaa wakilitazama sinia. Jirani mmoja akasema tuanze. Nikakataa. Nani aanze bila shahidi? Mama alikuwa kimya sana. Nikafurahi kwamba ametulia.

Saa nane kasoro nikamtazama tena. Uso umeloa jasho. Midomo inatetemeka. Akanishika mkono na kuniita kwa jina la marehemu baba yangu, akaniuliza mbona nimechelewa kurudi.

Munazza akaruka na mashine, akamtoboa kidole. Mbili nukta tatu.

Nitaandika ukweli, maana hakuna atakayesoma hapa. Kwa kufumba na kufumbua, Mungu anisamehe, nilifurahi. Ilikuwa namba ndogo kuliko zote.

Kisha nikasikia Munazza akipiga kelele, sukari, sukari, leteni sukari! Na nyumba nzima haikuwa na chembe. Yote ilikuwa dukani, na ufunguo sikujua niliuweka wapi. Nilikimbia jikoni, nikafungua makopo yote, nikarudi na kitunguu. Sijui kwa nini kitunguu.

Mlango ukafunguliwa. Aliasgar! Na kopo kubwa la vitamu, penda na jalebi, mkononi, kwa sababu mtu haendi kwa Masi mikono mitupu. Ndiko alikopita huko. Na mimi, nilivyo, neno la kwanza lililonijia kinywani lilikuwa kumkaripia kwamba analeta peremende kwa mgonjwa wa sukari. Nilianza kulisema. Munazza akalinyakua kopo huku nikiwa katikati ya sentensi.

Mama alikuwa bado anaweza kumeza. Aliasgar akapiga magoti akilia, anamega penda vipande vidogo vidogo, anamwambia Masi tafuna, Masi meza, taratibu Masi wangu. Mimi nimesimama na kitunguu.

Baada ya dakika kumi Mama akaniita kwa jina langu. Tukamtia kwenye tuk-tuk, tukampeleka hospitali.

Jumatatu, 13 Oktoba

Jana ile ile daktari wa hospitali aliniuliza Mama alikunywa nini. Aliasgar alikuwa amesimama pembeni yangu. Nikasema chai. Daktari akaandika chai.

Baada ya saa moja sukari ikashuka tena, pamoja na dripu na kila kitu. Wakamzunguka, wakavuta pazia. Nikawaona miguu tu. Daktari akatoka akaniuliza mara ya pili, na safari hii hakuniuliza kwa upole. Nikasema yote. Zambarau, uwatu, karela, mwarobaini, konzi mbili mbili, saa sita, vikombe viwili. Nilisema mbele ya Aliasgar, neno kwa neno, na huku nasema nilikuwa nahesabu miguu nyuma ya pazia. Sijawahi kuogopa namna ile. Mama ndiye pekee duniani anayenunua vitu vyangu bila kuvihitaji.

Wakamweka chini ya uangalizi na kumpima kila saa. Asubuhi hii amekaa, ameomba uji, na amelalamika kwamba shuka zao hazikupigwa pasi. Alhamdulillahi!

Ndipo Munazza akanieleza. Alhamisi ile alipotoka na mkoba wake alikwenda kliniki akachukua vidonge vingine, na kila asubuhi akampa Mama kwa siri. Alijua nimevificha. Hakusema kwa kuwa hana tena nguvu za kubishana nami, na aliidhani chai yangu ni maji machafu tu yasiyo na kazi. Kwa hiyo vilikutana! Sita nukta nne ile ilikuwa ya nani, yangu au ya kiwanda? Nikamwambia ameharibu majaribio yote. Muuguzi mmoja, Purity, aliyekuwa anabadilisha dripu, akanisindikiza mpaka nje ya wodi kwa kunishika kiwiko.

Nimekaa kwenye benchi nikalia. Aliasgar akaja akakaa karibu yangu, akanipa leso. Hakunisema hata kidogo. Hilo ndilo lisilovumilika kwa Aliasgar.

Niliporuhusiwa kuingia nikaweka mkono juu ya kichwa cha Mama, nikaapa. Sitamnywesha tena kitu chochote kisichotoka kwa daktari. Mama akasema, mwanangu, mimi nilikuwa najua si chai. Alikunywa kwa sababu nilikuwa nakuja kukaa naye kila asubuhi nikimwangalia akinywa, na zamani sikuwa nakaa. Nimetoka nje tena.

Alhamisi, 23 Oktoba

Majibu ya usalama yametoka. Nimekwenda maabara na kichwa chini, maana hospitali walimpigia Daktari Nasipwondi na kumweleza kila kitu. Nilitegemea kelele. Akanikaribisha kiti, akauliza hali ya Mama, kisha akaniambia taratibu kwamba nilikuwa karibu kumuua mama yangu. Ingekuwa heri angepiga kelele.

Ripoti ina kurasa sita. Kundi la kipimo kikubwa: panya sita, wawili wamefariki siku ya tisa, wanne maini yamevimba. Kundi la kati: usingizi mwingi, hamu ya chakula imepungua. Hitimisho: haifai kupewa binadamu kwa kipimo chochote mpaka utafiti zaidi ufanyike. Nimeisoma mara mbili. Nikahuzunika kweli, na nikawaonea huruma wale panya wawili. Nikamwambia Daktari nimefunga ukurasa. Akanishika mkono.

Nikiwa ngazini nikafungua ukurasa wa nne, basi tu, niutazame. Una jedwali la hali ya mwili. Macho, choo, mwendo. Manyoya: laini, mazito, yanang'aa, hasa kundi la kipimo kikubwa.

Nikarudi juu mbio. Nikamuuliza Tom kama hayo ya manyoya ni kweli. Akasema ni kweli, mwenyewe ameyaona. Nikauliza hata wale waliofariki? Akasema wale hasa.

Jumamosi, 25 Oktoba

Siku ya kheri! Mama amerudi kuwa Mama. Amekwenda dukani kwa Aliasgar, amemkosoa chai, amerudi. Vidonge vyake Munazza amevifungia kwenye sanduku lenye kufuli na ufunguo anatembea nao shingoni. Risiti yangu nimeitoa ukutani. Aliasgar naye ametoa yake, kwa heshima, ati tusimuudhi Masi. Dukani sasa sina dawa ya sukari hata tone. Nimemwaga yote.

Karibu yote. Chupa moja nimeichemsha jana na mafuta ya nazi mpaka maji yakakauka. Rangi imetoka nzuri, kijani kibichi. Nilijipaka mwenyewe kwanza, lakini mimi nina upara, haisaidii kitu. Munazza ananusa kila ninachoshika.

Alasiri Mama alikuwa barazani, Aliasgar amekuja kumjulia hali. Mama akasema kichwa kinamwasha, nani atampaka mafuta. Aliasgar akainuka upesi. Mama akamwambia akae. Akasema mkono wa Taizoon ndio mwepesi, tangu utotoni hakuna anayempaka kama mimi. Mbele ya Aliasgar! Kwa sauti! Nilisubiri miaka arobaini na sita kusikia maneno hayo, na nusura nilie tena.

Nikaingia ndani kuchukua mafuta. Niliapa kutomnywesha, na mafuta hayanywewi. Aliasgar alipoaga nikakaa nyuma ya Mama, nikazifungua nywele zake, chache, nyeupe, na utosi unaonekana. Nikaanza kumpaka polepole. Akauliza leo ni mafuta gani, yananukia vingine. Nikasema ya nazi, Mama. Akasema Mungu anibariki, akaegemeza kichwa kwenye magoti yangu na kufumba macho.

Alipoanza kukoroma nikaongeza kijiko cha pili.